Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya zetu: Wanawake tunaoishi na VVU tuelezwe, tupimwe

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia huduma za VVU na afya ya uzazi, Unguja na Pemba,

YAH: WANAWAKE TUNAOISHI NA VVU KUTOELEZWA NA KUTOPIMWA SARATANI YA SHINGO YA KIZAZI

Assalamu alaykum.

Waheshimiwa, jina langu mnalo. Limo kwenye barua nilizowapelekea kwa mkono zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hapa sitaliandika, kwa sababu nina watoto wanaosoma skuli na kisiwa chetu ni kidogo. Lakini yote niliyoyasema kwenye barua zile nayarejea leo mbele ya watu, kwa kuwa sikujibiwa, na ugonjwa ninaouzungumzia hausubiri ofisi.

Mimi ni mwanamke wa Pemba. Naishi na VVU, nameza dawa kila siku, na virusi vyangu vimefubazwa hata havionekani kwenye kipimo. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Dawa tunapewa bila malipo, na wauguzi wengi wanaotuhudumia wana huruma. Ninachokilalamikia ni hiki: tunaingia kliniki, tunapimwa uzito, tunaulizwa kikohozi, tunahesabiwa vidonge, tunaandikiwa tarehe ya kurudi, tunatoka. Miaka inakwenda hivyo hivyo. Mwanamke anaweza kuimaliza miaka yote hiyo hajaambiwa hata siku moja kwamba kuishi na VVU kunamsogeza karibu na saratani ya shingo ya kizazi, kwamba saratani hii inazuilika, na kwamba kipimo chake huchukua dakika chache.

Barua hii wataisoma pia wanawake wenzangu, na huenda kwa baadhi yao ikawa mara ya kwanza kuyasikia mambo haya. Kwa hiyo mnivumilie niyaeleze.

Saratani ya shingo ya kizazi, karibu mara zote, huletwa na virusi vinavyoitwa HPV. Hivi si virusi vya UKIMWI, ni vingine. Hupatikana kwa kujamiiana, na vimeenea mno hata karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake hupata kuvibeba wakati fulani wa maisha yake. Mke aliyeolewa na mume mmoja, asiyemjua mwengine, anaweza kuwa navyo. Hapa hapana tabia ya mtu ya kusemwa. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Visipotoka, hasa aina ya 16 na ya 18 ambazo kwa pamoja husababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hii duniani, huanza kuibadilisha polepole shingo ya kizazi mpaka mabadiliko yale yageuke saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri jambo hilo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa ambaye kinga yake imedhoofika, kama mwenye VVU asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani linasema sisi tunaoishi na VVU tuna hatari mara 6 zaidi ya wanawake wasio na VVU.

Hata hiyo miaka 5, Waheshimiwa, ni muda wa kutosha kabisa. Mabadiliko huonekana kabla hayajawa saratani. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, akasubiri kidogo, na palipobadilika hugeuka peupe. Mahali hapo, pakiwa panafaa, huunguzwa kwa baridi kali au kwa joto, na mwanamke anarudi kwake siku ile ile. Kipo pia kipimo cha HPV chenyewe, ambacho ni bora zaidi kuliko siki, na sampuli yake mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia kwa kijiti chenye pamba, pasi na mtu kumtazama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema anayeishi na VVU aanze kupimwa akiwa na miaka 25, asingoje 30 kama wenzake, na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5 kwa kipimo cha HPV. Kwa siki ni kila miaka 3.

Haya nimeyajua kwa kuyatafuta mwenyewe. Kliniki sikuambiwa. Na sasa nayataja malalamiko yetu.

1. Hatuelezwi.

Nimekaa na wanawake wenzangu kwenye mabenchi ya kliniki, nimekaa nao ufukweni wakifunga mwani, na tunaoaminiana tunakutana majumbani. Kila ninapoanzisha habari hii nasikia mambo yanayonitisha. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa virusi vyao havionekani tena, basi wamesalimika na kila ugonjwa wa huko. Wapo wanaoamini kipimo ni cha mwenye maumivu, na asiyeumwa akienda anajitafutia ugonjwa. Wapo wanaosema kile chuma cha kufungulia njia ya uzazi wakati wa kupima kinatoa kizazi. Mama mmoja mtu mzima, hedhi yake ilikwishakatika zamani, alianza kuona damu akafurahi kwamba ujana umemrudia, na wenzake wakampongeza.

Hawa si wajinga. Ndio hawa hawa wanaojua majina ya dawa zao, wanajua saa ya kumeza, wanajua kwa nini wasiruke hata siku moja. Wanayajua kwa sababu walielezwa kwa subira, wakaulizwa kama wamefahamu, wakaelezwa tena. Penye maelezo tumeelewa. Kwenye shingo ya kizazi hapakuwa na maelezo, na pengo lile limejazwa na maneno ya mitaani.

Mtasema mabango yapo ukutani. Yapo, nimeyaona. Yameandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha ya wataalamu. Na wanawake wengi wa umri wangu na kunizidi walisoma chuo cha Kurani, wakahitimu, wanasoma msahafu vizuri kabisa, lakini hawakukaa skuli. Herufi zile za ukutani haziwafai kitu. Mwanamke wa namna hii anahitaji kuelezwa kwa mdomo, na mtu mwenye muda, kwa picha anayoweza kuishika mkononi, aulize mpaka aridhike.

2. Tukieleza dalili hatusikilizwi.

Nitamtaja mwenzetu mmoja bila ya kumtambulisha, na familia yake imeniruhusu. Alikuwa akitokwa na damu baada ya kukutana na mumewe. Ilimchukua muda kulisema, maana jambo hilo kwetu halisemwi kirahisi. Alipojikaza akalisema kwenye kituo alichokuwa akichukulia dawa, aliambiwa ni umri, homoni zinabadilika. Akarudi tena, akapewa vidonge vya maambukizi. Akaanza kutokwa na maji yenye harufu, akajitenga na watu, akaacha kwenda kwenye shughuli. Kiuno kikauma, mguu mmoja ukavimba. Katika muda wote huo tarehe zake za dawa hakuzikosa, na kila tarehe aliondoka na chupa zake kwenye mkoba bila ya mtu kumwambia apande kitandani atazamwe.

Alipokuja kutazamwa, ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye shingo ya kizazi. Tiba ya mionzi wagonjwa wetu wamekuwa wakiifuata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na mtu wa Pemba inambidi avuke bahari kwenda huko, apate pa kufikia, na awe na wa kumuuguza. Ndugu zake waliuza walichokuwa nacho. Alifia huko, na watoto wake wadogo hawakumuona tena.

VVU havikumuua yule mwanamke. Dawa zilifanya kazi yake mpaka siku ya mwisho. Amekufa na ugonjwa ambao muuguzi, siki na taa vingeuona mapema.

Dalili nilizozitaja hapo juu ni za kuchelewa. Kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukatika, maji yenye harufu, maumivu ya kiuno na nyonga: mwanamke yeyote anayeishi na VVU akiyasema haya, haki yake ni kutazamwa siku ile ile, asirudishwe na vidonge. Na asiye na dalili yoyote ndiye hasa wa kupimwa, maana mabadiliko ya mwanzo hayaumi.

3. Kipimo kimewekwa mbali na dawa.

Kwenye vituo vyetu vingi dawa tunachukua siku moja na kipimo kiko siku nyengine, jengo jengine, pengine hospitali nyengine. Mwanamke anatoka Kojani au Kisiwa Panza kwa chombo, anapanda gari, anafika, anaambiwa kipimo ni Alhamisi. Alhamisi hatorudi. Nauli hana, na safari ya pili atamwambia nini mumewe? Zaidi ya hapo, wengi wetu sasa tunapewa dawa za miezi mitatu au sita. Ni nafuu kubwa, sipendi iondolewe. Lakini maana yake ni kwamba mnatuona mara chache kwa mwaka, na kila tunaporudi bila ya kupimwa ni nafasi iliyopotea kwa muda mrefu.

4. Mabinti zetu na chanjo.

Hili naomba mlisome kwa utulivu, kwa sababu sijasikia mtu akilisema hadharani.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, kwa dozi 2. Mwaka 2024 ikahamia dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sipingi. Dozi moja imeonekana kuwakinga vizuri wasichana wenye kinga timamu, na kwa kufanya hivyo wanafikiwa wengi zaidi. Lakini Shirika la Afya Duniani, lilipotoa msimamo wake mwezi Disemba 2022, liliwatenga wanaoishi na VVU: hao wapate angalau dozi 2, na ikiwezekana 3.

Sasa fikirini binti aliyezaliwa na VVU. Anachanjwa skuli pamoja na wenzake. Mwalimu hajui hali yake, wala hapaswi kujua. Anachomwa mara moja, anaandikwa amemaliza, anarudi darasani. Mahali pekee serikalini panapojulikana kwamba huyu anahitaji dozi zaidi ni kliniki anayochukulia dawa. Nimewauliza mama wa mabinti hao ninaowajua. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa amrudishe mwanawe kwa dozi ya pili. Na baadhi yao hata ile ya kwanza waliikwepa, wakamwambia mtoto abaki nyumbani siku ya chanjo, kwa kuwa walisikia inaua uzazi. Haiui uzazi. Nani aliwakalisha akawaambia?

5. Majibu hayarudi.

Waliobahatika kupimwa, wengine hawakuambiwa majibu. Waliotibiwa mabadiliko ya awali hawakuelezwa kwamba kwa mwenye VVU huweza kurudi, na kwamba wapimwe tena baada ya miezi 12. Kadi zetu za kliniki hazina mahali pa kuandika kipimo hiki. Kisichoandikwa kwenye kadi hakiulizwi.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa kwa mdomo na watu wa chini yenu.

Nimeambiwa wanaoishi na VVU Zanzibar ni wachache, chini ya asilimia 1 ya watu, na kwa hiyo si jambo la kupewa uzito. Waheshimiwa, uchache wetu ndio unaoifanya kazi iwe nyepesi. Nchi yenye wanawake wenye VVU kwa mamilioni ina haki ya kulalamika kwamba hawafikiki. Sisi majina yetu yamo kwenye madaftari yenu, mnajua tunakochukulia dawa, mnajua tarehe tunayorudi. Mkitaka kumfikia kila mmoja wetu mwenye miaka 25 na kuendelea, mnaweza. Dunia imejiwekea lengo la mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo bora wakifika 35 na tena wakifika 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Kwa kundi letu sisi lengo hilo linafikiwa mapema zaidi, mkiamua.

Nimeambiwa fedha. Siki si kitu cha kuombea msaada nje. Mashine ndogo ya kuunguzia kwa joto hutumia betri na hubebwa kwenye mkoba. Na mashine za GeneXpert zinazopimia kifua kikuu zina uwezo wa kupima HPV pia, zikipatiwa vifaa vyake. Linalohitajika ni vifaa hivyo na uamuzi wa kuzitumia.

Nimeambiwa wauguzi hawatoshi. Hilo ni kweli, nawaona wanavyochoka. Lakini kueleza si lazima kufanywe na muuguzi. Tupo wanawake tunaoishi na VVU tuliokwisha kufunzwa uelimishaji rika wa dawa. Tufunzeni na hili. Pale kwenye benchi, kabla jina halijaitwa, pana muda mrefu wa kukaa bure.

Na nimeambiwa wanawake wenyewe hawataki. Jibu hili limeniumiza kuliko yote. Mwanamke wa Kipemba hataki kuvuliwa nguo na daktari mwanamume kwenye chumba chenye mlango usiofungika, na wapita njia wakijua chumba kile ni cha nani. Ana haki. Wekeni muuguzi wa kike, pazia, na mlango wenye komeo, au mpeni kile kijiti ajichukulie sampuli mwenyewe, kisha mje mniambie kama amekataa. Waume nao semeni nao. Wengi hawakatazi kwa ubaya, hawajui kinachokwenda kufanyika. Sheha akilizungumza, imamu akalitaja kwa maneno ya stara baada ya sala ya Ijumaa, redio ikalirudia, mke hatakuwa na haja ya kubuni sababu ya safari.

Tunachokiomba kinajulikana kutokana na hayo niliyoyaeleza, lakini nakiandika ili asiwepo wa kusema sikusema. Kila mwanamke anayeishi na VVU mwenye miaka 25 na kuendelea aelezwe habari ya saratani hii kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu, na apewe nafasi ya kupimwa siku ile ile ya dawa na mahali pale pale, kwa hiari yake. Kipimo cha HPV cha kujichukulia sampuli kiletwe na Pemba, kisiishie mjini Unguja. Kina mama waliokwisha kukatika hedhi wapewe kipaumbele kwenye kipimo hicho, kwa sababu kwao siki huwa haioneshi vizuri. Kliniki za watoto na vijana zipewe maagizo ya maandishi juu ya dozi za ziada kwa mabinti wanaoishi na VVU. Kadi ziongezwe mstari wa kipimo, tarehe na majibu. Na mwenye dalili asirudishwe.

Naomba jibu la maandishi, na naomba litangazwe redioni ili wenzangu wasiosoma walisikie. Litoke kabla ya msimu wa karafuu kuanza, maana ukianza wengi wetu tunakuwa mashambani na kutupata inakuwa tabu. Jibu liseme vituo gani vitaanza, mwezi gani, na nani wa kuulizwa visipoanza. Mkitaka kuniita, anuani yangu imo kwenye barua mlizonazo. Nitakuja, na nitakuja na wenzangu waliokubali kusema mbele yenu.

Wabillahi tawfiq.

Mwanamke anayeishi na VVU,
Wete, Pemba.